Gemu gani bado inakushika? Mimi nafungua, nacheza nusu saa, nafuta

FundiNguo_Ngamiani:

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimeutunga kichwani wiki nzima nikiwa kwenye cherehani, leo ndiyo nimepata nafasi ya kuuandika.

Nina miaka 37, ni fundi nguo hapa Tanga. Wanaoijua kazi hii wanajua kwamba Disemba na Januari sina usiku wala mchana, ni sare za shule tu. Ikifika Machi kazi inapoa, na jioni nabaki na saa moja na nusu ambayo ni yangu, mama watoto ameshamaliza yake na mtoto mdogo amelala. Tangu ujana wakati huo ni wa gemu. Sasa ni mwaka wa pili hakuna gemu inayonishika. Napakua, nacheza nusu saa, naanza kuangalia saa, nafuta. Mwezi uliopita nimefuta kumi na moja. Naijua idadi kwa sababu niliziandika nyuma ya daftari langu la vipimo vya wateja, nikitaka kujua kila moja imenichosha wapi.

Sijaacha kupenda gemu, na hilo ndilo linaloniuma. Mwaka 2006 na 2007, nilipomaliza kidato cha nne nikisubiri maisha yaeleweke, mtaani kwetu palikuwa na banda la gemu: PS2 mbili, televisheni za kichogo, mechi moja shilingi 200, ukifungwa unanyanyuka. PES 6, gemu ya mpira, ndiyo ilikuwa dini ya pale. Ukichukua timu ya Inter watu wanakununia, kwa sababu ya mshambuliaji wao Adriano. Shuti lake lilikuwa 99 na kipa yeyote anabaki kutazama wavu ukitikisika. Mimi nilipenda zaidi Master League, ile sehemu ya kujenga timu yako msimu kwa msimu. Mwenye banda alinikubalia niingie asubuhi kabla ya wateja, namfagilia na kumwagia maji vumbi la mlangoni, halafu nacheza bila kulipa mpaka saa nne. Unaanza na Ivarov golini, Minanda katikati, Castolo mbele, watu ambao hawapo duniani, wazito, pasi zinakatika. Ukishinda ndiyo unapata pointi za kununua mtu mwingine. Castolo nilikataa kumuuza mpaka msimu wa nne. Kila goli lake nalikumbuka kwa sababu nililitafuta mwenyewe: nilijifunza kumpa mpira miguuni, si mbele, maana mbio hana.

Mwaka jana nikajaribu gemu moja ya mpira ya kwenye simu, jina lake naliacha. Kila siku ukiingia unapewa zawadi, usipoingia unazikosa. Kuna pakiti za wachezaji, nikaanza kununua. Wiki mbili, shilingi 45,000. Hiyo ni gharama ya kushona sare tatu na vitambaa vyake. Mchezaji niliyemtaka nikampata usiku mmoja kwenye pakiti. Nikacheza naye mechi mbili, nikafunga simu, na sijaifungua tena. Nilikuwa nimempata, lakini hakuna kitu nilichokuwa nimekifanya.

Hapo ndipo nikamkumbuka babu yangu. Alicheza bao lile lile barazani zaidi ya miaka hamsini. Mashimo 32, kete 64, hakuna aliyemwongezea shimo wala kete mpya. Mnaanza kila mmoja na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, mnanamua, yaani mnaziingiza ubaoni moja moja, kete za mkononi zikiisha mnaingia mtaji, mnacheza zilizo ubaoni tu. Ubao ni ule ule na wapinzani ni wale wale watatu, lakini ilikuwa lazima atumwe mtoto kumwita chakula mara mbili. Nataka kujua kitu kile kipo kwenye gemu gani leo.

Nina kompyuta mpakato ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8, haina kadi ya michoro. Simu ni ya kawaida. Bando nahesabu, kwa hiyo gemu ya GB 100 msinitajie, na ya kunilazimisha niwe mtandaoni kila dakika pia hapana. Kiingereza nasoma polepole lakini nasoma. Na kama ipo ambayo naweza kukaa na binti yangu wa miaka 14 tukacheza wote, hiyo nitaishukuru zaidi.

Msiniambie tu jina. Niambieni ilikushika wapi.

---

MtotoWaNgarenaro:

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Mimi nasoma mambo ya programu hapa Arusha, na hicho ulichokiona kwenye ile gemu ya pakiti ndivyo ilivyotengenezwa. Zawadi ya kila siku inakufanya urudi, lakini kurudi na kupenda ni vitu viwili. Ukikaa siku tatu bila kuingia na hujisikii kukosa chochote isipokuwa ile zawadi, basi gemu yenyewe haipo.

Nakupa moja: Slay the Spire, ya 2019. Kompyuta yako inaibeba bila shida, na kwenye simu ipo pia. Unapanda mnara ukiwa na karata za kupigania. Unaanza na karata dhaifu, kila ukishinda pambano unapewa tatu uchague moja, au uzikatae zote. Ukifa umekufa, unaanza chini kabisa na karata zile zile dhaifu. Mwanzoni nilikuwa nachukua kila karata nzuri niliyoiona na nakufa katikati ya mnara. Wiki mbili nzima. Halafu siku moja nikagundua kwamba karata nzuri nyingi zinafichana: unazo ishirini na tano, ile unayoihitaji haiji mkononi. Nikaanza kukataa. Nikaanza kulipa hela ya kwenye gemu ili nitolewe karata zile za mwanzo. Nikafika juu. Karata hazikuwa zimebadilika hata moja, mkuu, mimi ndiye niliyekuwa nimebadilika. Wahusika wako wanne na kila mmoja ana namna yake, na ukishinda kuna ngazi 20 za ugumu unapanda moja moja. Nina miaka mitatu nayo.

Ya karibu na hiyo ni Balatro, ya 2024, imetengenezwa na mtu mmoja. Ile imevaa sura ya poker. Hakuna pesa wala kamari ndani yake; Ulaya waliipa alama ya miaka 18 kwa sababu ya sura hiyo, kisha Februari 2025 wakaishusha hadi 12. Lakini najua nyumba nyingi karata za namna ile hazipendwi kuonekana mbele ya watoto, kwa hiyo amua mwenyewe.

---

BintiKibokoni:

Kaka, pole na kazi. Mimi niko Mombasa.

Yangu haitaingia kwenye hiyo kompyuta yako, nakwambia mapema usije ukanilaumu, lakini kwa hilo swali la kushikwa lazima niitaje. Inaitwa Tales of Kenzera: ZAU, ya Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na aliitunga baada ya kufiwa na babake. Kijana Zau, mganga, amempoteza baba, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, anamwambia nirudishie. Kalunga anampa kazi ya kufanya. Ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Cha jua ni moto na mapigo ya karibu, cha mwezi ni cha kupiga kwa mbali na kugandisha vitu. Unabadilisha huku na huku katikati ya vita, mpaka vidole vinazoea vyenyewe.

Sasa sikia. Kwenye mipangilio unaweza kuchagua sauti za Kiswahili. Si maandishi tu ya chini, watu wanaongea. Mimi nina miaka 29, nimecheza gemu tangu nikiwa mdogo kwa kaka zangu, na sikuwahi hata siku moja kusikia gemu ikiniambia neno kwa lugha ninayomuombea dua mamangu. Mamangu alifariki 2022. Kuna mahali Zau anamzungumzia babake, nikaweka pedi chini, nikaenda kuosha uso, nikarudi. Niliimaliza kwa Switch, mashine ya gemu ya ndugu yangu, jioni nne tano hivi. Si ndefu, na kupigana kwake kuna mahali kunajirudia, hilo sifichi. Lakini nimeicheza mara ya pili na najua nitaicheza ya tatu.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa gemu imenishika wapi, nasema sikioni.

---

MzeeWaRuwi:

Assalaam alaykum. Niko Muscat, asili yangu Unguja, na umri wangu umekwenda kuliko wenu nyote humu, kwa hivyo nitasema lile ambalo vijana hawatolisema.

Mwanangu fundi, wewe mwenyewe umeshajijibu na hukujisikia. Umetaja banda, watu wananuna ukichukua Inter. Umetaja babu na wapinzani wake watatu. Halafu unatuuliza gemu ya kucheza peke yako usiku watu wamelala! Bao lile lile ukimpa babu yako acheze na mashine chumbani, angeliacha ndani ya wiki. Kilichomshika ni yule mzee wa upande wa pili anayemjua tangu skuli, aliyemfunga jana akamcheka mbele ya watu. Sisi huku tunakutana kila Alkhamisi jioni, ubao umetoka nyumbani, kete zimeng'ara kwa mikono ya watu walioshakufa. Kijana mmoja alituletea bao la kwenye simu. Tulilitazama, tukamshukuru, tukarudi ubaoni.

Tafuta mtu, gemu itajileta yenyewe.

---

FundiNguo_Ngamiani:

Mzee wangu, shikamoo. Maneno yako nimeyapokea na nusu yake naikubali kabisa.

Nusu nyingine niruhusu niibishie kwa heshima. Master League nilicheza peke yangu asubuhi, banda tupu, na ndiyo niliyoipenda kuliko mechi za watu. Na babu nilimwona kwa macho yangu, mchana wa jua kali hakuna mtu barazani, ameweka ubao mbele yake anasambaza kete pande zote mbili. Anasimama. Anazirudisha. Anasambaza tena kwa njia nyingine. Alikuwa anatafuta wapi alipofungwa jana. Kwa hiyo mtu wa pili ni muhimu, lakini kuna kitu ndani ya ubao wenyewe ambacho kilimfanya akae nao hata peke yake, na ni hicho ninachokitafuta.

Dada wa Kibokoni, Mungu amrehemu mama. Nimeandika jina hilo. Siku nikipata mashine itakayoibeba nitaanza nayo.

Ngarenaro, Slay the Spire nimeipakua kwenye simu jana. Nimekufa mara sita. Sijafuta.

---

Falka_ya_Chini:

Mkuu fundi, cheza Return of the Obra Dinn. Ya 2018, kaitengeneza Lucas Pope karibu peke yake. Haifiki hata GB chache, mashine yako inaitosha, haihitaji intaneti ukishaiweka.

Ni mwaka 1807. Meli ya biashara iliyopotea baharini inarudi Falmouth, Uingereza, haina mtu hai hata mmoja. Wewe ni mkaguzi wa bima wa East India Company. Una daftari lenye orodha ya watu 60 na michoro ya sura zao, na una saa ya mfukoni. Ukifika kwenye maiti ukaifungua saa, unasikia sekunde za mwisho za yule mtu, kisha unaingizwa kwenye ile nukta aliyokufa, kila kitu kimeganda, unatembea katikati yake unatazama. Kazi ni kuandika: huyu ni nani, amekufaje, nani kamuua. Basi. Hakuna kupigana, hakuna pointi, na hakuna mshale wa kukuonyesha jibu.

Uzuri wake uko hapa: gemu haikuambii kama umepatia mpaka upatie watu watatu kamili. Kwa hiyo kubahatisha hakulipi. Unabaki kutazama nani kasimama karibu na nani, nani kavaa nini, lafudhi ya anayepiga kelele. Picha zenyewe ni nyeusi na nyeupe tupu kama mchoro wa kalamu, na baada ya dakika kumi hutaki rangi.

Ina kasoro moja ambayo ni kubwa: ukishaimaliza imekwisha, huwezi kuicheza tena maana majibu unayajua. Natamani nisahau yote nianze upya. Outer Wilds ya 2019 nayo ni hivyo hivyo, ile ya kuruka na chombo kati ya sayari ndogo ndogo, jua linalipuka kila baada ya dakika 22 na unaamka tena pale pale ulipoanzia. Hupati silaha wala nguvu mpya toka mwanzo mpaka mwisho. Unachobeba kwenda mzunguko unaofuata ni ulichokielewa tu. Ila hiyo kompyuta yako itazidiwa, feni itaimba.

Obra Dinn ina damu na vifo vingi, vya kuchora lakini vipo. Binti wa miaka 14, itazame wewe kwanza.

---

FundiNguo_Ngamiani:

Wakuu, nimerudi. Ni wiki ya nne tangu nifungue uzi huu na nimeona si haki kukaa kimya.

Obra Dinn niliingoja mpaka bei ikashuka nusu, nikalipa kwa kadi ya kwenye simu. Usiku wa kwanza nilicheza mwenyewe kama nilivyoshauriwa. Niliogopa kidogo, sifichi. Hadithi inaanzia mwisho: watu wanagonga mlango wa nahodha wakitaka afungue, na kuanzia hapo unarudi nyuma kifo kwa kifo. Nililala saa nane. Nilipoamka kitu cha kwanza nilichokiwaza kilikuwa uso wa mtu mmoja aliyesimama nyuma ya wengine ameshika kamba, na sikujua ni nani. Miaka mingi sijaamka na gemu kichwani.

Usiku wa pili nikamwita binti. Tuligawana kazi: mimi nashika kipanya, yeye anashika kalamu. Daftari ni lile lile la vipimo, tumeanza upande wa nyuma, kwa hiyo sasa ukilifungua mbele unakuta kiuno cha Mama fulani na bega la mwalimu fulani, ukiligeuza unakuta "mwenye ndevu, mlango wa chumba cha seremala, ANAJUA KUOGELEA?" kwa mwandiko wa mtoto. Maneno ya Kiingereza asiyoyajua anayapigia mstari, kesho yake anakuja na maana kutoka kamusi ya shule.

Ila kazi za melini zilitushinda wote wawili. Orodha ina vyeo vya mabaharia ambavyo hata kamusi haikutusaidia. Unasoma maana na bado hujui mtu huyo anafanya nini. Ndipo nikamkumbuka mjomba. Mjomba wangu amefanya kazi kwenye majahazi ya Tanga na Pemba tangu kijana, sasa miguu haimruhusu, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kiingereza hajui. Gemu hajawahi kushika. Nikamleta Ijumaa baada ya Isha, nikamwekea kiti.

Alitazama kimya muda mrefu. Binti akamsomea: kuna huyu, na huyu, na huyu, hatujui nani ni nani. Mjomba akasema, sogea karibu na mlingoti. Nikasogea. Akasema, huyu si mtu wa juu, mtu wa juu hakai hapa wakati wa dhoruba. Huyu anayeelekeza kwa mkono ndiye serahangi, msimamizi wa mabaharia, wenzake wote wanamtazama yeye, hawamtazami nahodha. Na yule aliye shetrini, nyuma ya meli, usimhesabu na mabaharia, nguo zake hazijawahi kulowa. Binti akaandika. Tukajaza majina matatu, na gemu ikapiga ule muziki wake wa kukubali, majina yakageuka kuwa ya chapa. Mjomba akauliza, "Nini hiyo?" Nikamwambia, umepatia. Akavuta kiti karibu na kioo.

Tangu siku hiyo haji kwa kuitwa. Anataka tumsomee tena asili ya kila mtu kwenye orodha, kwa sababu melini mna Mwajemi, Mhindi, Mchina, Mrusi, na yeye anasema watu wa bandari moja hukaa pamoja wakila, tutazame nani anakula na nani. Mambo haya hakuna aliyeyaweka kwenye maelekezo. Amekuja nayo kutoka baharini.

Mzee wa Ruwi, nakuona unatabasamu huko Muscat. Ndiyo, mtu amepatikana. Lakini nakuapia, kabla mjomba hajaja tayari nilikuwa nimeshikwa, na ni kwa sababu ile ile iliyomfanya babu azirudishe kete azisambaze upya: hakuna kitu humo ndani ninachoweza kununua ili nimalize mapema.

Slay the Spire naendelea nayo mchana nikisubiri wateja. Nimefika juu mara moja, na nilipofika nilikuwa na karata kumi na saba tu. Ngarenaro, ulisema kweli kuhusu kukataa.

Tumefika watu 21 kati ya 60. Kuna mmoja tunabishana juu yake siku tatu sasa. Binti anasema ni mpishi kwa sababu ameonekana mara mbili karibu na jiko, mjomba anasema mtu wa jiko hatembei hivyo sitahani, juu ya meli, mimi sina upande. Falka, najua wewe unalijua jibu. Nakuomba usiliandike.

---

Falka_ya_Chini:

Siandiki mkuu. Ila mwambie binti atazame mchoro wa wafanyakazi kwenye daftari tena, taratibu, na aangalie huyo mtu amechorwa karibu na nani.

---

FundiNguo_Ngamiani:

Nimemwambia. Ameacha chakula.